Mwalimu Tanbihi na Toleo la Pili

Siku ya nne baada ya kumzika kaka yake, Mwalimu Tanbihi alirudi darasani, akaandika ubaoni tarehe na kichwa cha somo, akafundisha saa mbili nzima bila kukosea neno. Wanafunzi ndio waliokosa raha. Walikuwa wamejiandaa kwa mwalimu mwenye macho mekundu, wakaletewa yule yule wa siku zote, shati limepigwa pasi, chaki mkononi, anaeleza habari za visima katika masimulizi ya Biblia: mgeni anafika kutoka mbali, binti anakuja kuteka maji, mtu anakimbia nyumbani kupeleka habari, na msomaji mzoefu anajua kwamba harusi haiko mbali. "Si kwamba nchi ile haikuwa na mahali pengine pa kukutania," alisema, kama alivyosema kila mwaka, na kila mwaka watu walicheka. Safari hii hakucheka mtu. Yeye mwenyewe hakugundua.

Jina la Tanbihi hakupewa na mama yake. Alipewa na wanafunzi wa miaka ya nyuma, kwa kuwa mtu huyu hakuweza kusema jambo bila kulitilia maelezo ya pembeni, kama vitabu vyake vilivyojaa maandishi madogo chini ya kila ukurasa. Ukimuuliza saa, atakujibu, kisha akueleze kwamba saa ya ukutani inatangulia dakika tatu, na kwamba wapo wanaodai ni nne. Mkewe alipenda kusimulia kwamba siku ya kuposwa alilisubiri neno "nakupenda" kwa robo saa, maana kwanza ilibidi aelezwe neno lenyewe lina historia gani. Alikuwa mtu mwema. Tuseme hivyo mapema, maana kuna mahali hapo mbele utatamani kumzaba kofi.

Ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma cha chuo cha dini, jirani na chumba cha mashine ya kurudufu, kwa hiyo kutwa nzima meza ilitetemeka kidogo. Ukuta mmoja ulikuwa na droo za kadi. Kila kadi ilibeba taswira moja na mahali ilipotokea: kisima, vazi, usingizi, mlango, jiwe. Miaka thelathini aliisoma Biblia hivyo, akitafuta kinachorudi na kuuliza kwa nini kimerudi. Droo nene kuliko zote, ile iliyogoma kufunga, iliandikwa "Kaka na mdogo". Humo alikusanya kila mahali ambapo mdogo anampita mkubwa na kuchukua nafasi yake. Masimulizi yale hurudi kwenye jambo hilo kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu, na Mwalimu Tanbihi alirudi pamoja nayo.

Hakuwa mjinga. Alijua fika kwa nini droo hiyo ndiyo iliyonenepa. Baba yao alikuwa fundi cherehani, na macho ya baba yalipoanza kufa, aliwaita wanawe wawili wa kiume akasema mmoja atakaa kwenye mashine. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na minne, na darasani kwake hakuna aliyewahi kumtoa nafasi ya kwanza. Baba hakutaja jina. Hakupata nafasi ya kulitaja, kwa sababu mkubwa alikwisha simama. Alichukua madaftari yake yote, akayaweka kwenye mapaja ya mdogo wake, akasema, "Shika. Hiyo kalamu inavuja, ifute kwanza." Kisha akaenda kukaa kwenye mashine, akakaa miaka arobaini na minane. Kila suruali aliyovaa Tanbihi shuleni, chuoni, hata siku ya kuoa, ilitoka chini ya sindano ile.

Sasa njoo kwenye kofi. Miaka kumi na moja iliyopita Mwalimu Tanbihi alichapisha kitabu, kurasa mia sita kuhusu marudio katika Biblia. Alipofika kwa yule mzaliwa wa kwanza aliyetoa haki yake kwa bakuli la dengu, akaona hoja inahitaji mfano kutoka maisha ya watu. Mfano ukaja wenyewe, mwepesi, kama kitu kilichokuwa mezani siku zote. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne aliandika kwamba yeye mwenyewe anamfahamu mzaliwa wa kwanza mmoja aliyeiacha shule kwa hiari yake, akaridhika na cherehani. Aliandika, akaweka nukta, akaenda kunywa chai. Hakumkusudia ubaya mtu yeyote. Mtu aliyezoea kuwatazama watu wa kwenye kurasa husahau kwamba walio nje ya kurasa nao husoma.

Aliyekisoma hakuwa kaka. Alikuwa mteja mmoja anayependa vitabu, aliyekaa kwenye benchi la karakana akisubiri suruali yake ikunjwe pindo. Akasoma kwa sauti, huku akifurahi, "Fundi, si ndugu yako huyu? Nadhani amekutaja!" Fundi alikanyaga mashine mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, akasema, "Imekwisha." Hakutukana, hakupiga simu. Ila tangu siku hiyo hakukuja suruali nyingine, na wala hakuja yeye.

Habari hizo Tanbihi alizipata kwa shemeji yake, mke wa fundi, na akaona aibu. Mwingine yeyote angefunga safari jioni ile ile, akaomba radhi mlangoni kabla hata ya kukaribishwa. Tanbihi alichukua nakala yake ya kitabu, akaipigia mstari sentensi ile kwa penseli, na pembeni akaandika: "Sahihisha. Toleo la pili." Usicheke. Aliamini kabisa kwamba huko ndiko kuomba radhi. Katika kazi yake, kosa lililochapishwa hutengenezwa kwa kuchapishwa, mbele ya wasomaji wale wale walioliona. Maneno ya mdomoni aliyaona ni njia ya mkato. Basi akangoja toleo la pili, na mchapishaji akamwambia kwamba kwanza nakala zilizopo ziishe. Nakala za kitabu cha kurasa mia sita kuhusu marudio haziishi upesi. Ilifika mahali akanunua arobaini yeye mwenyewe ili aharakishe mambo, akazisukuma uvunguni, na mkewe hujigonga vidole vya miguu humo mpaka leo.

Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Alikuwa akiujua msemo huo, aliwahi hata kuutumia kwenye mtihani.

Mwaka huu nakala ya kusahihisha ya toleo la pili ilifika katika bahasha nene siku ya Ijumaa. Jumapili shemeji akapiga simu. Hakuzunguka. "Kaka yako yuko wodini. Mapafu. Anakuita."

Jumatatu alikwenda. Kitanda kilikuwa cha nne, karibu na dirisha, na fundi alikuwa amelala na mpira wa hewa puani, akipapasa pindo la shuka kwa vidole viwili.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekonda." Akaliachia shuka. "Aliyeshona hili alikuwa na haraka ya kwenda wapi, sijui. Kaa. Umekuja na kitabu?"

"Kitabu kipi?"

"Biblia, mdogo wangu. Kile chako najua kinasemaje."

Hilo ndilo pigo pekee alilompiga, na alilipiga akitabasamu nusu. Tanbihi akakaa, akafungua mkoba.

"Nisomee pale ndugu wawili wanapokutana," kaka akasema. Alikuwa akivuta pumzi kila baada ya maneno machache. "Yule mdogo anarudi baada ya miaka. Anaogopa. Ametanguliza mifugo mbele kama mtu anayepeleka rushwa. Pale."

Hata kiti alichokalia kilielewa kinachoombwa. Na Tanbihi alisoma vizuri, sauti yake ilikuwa nzuri. Akasoma mdogo akiinama mara saba, akasoma kaka, yule yule wa bakuli la dengu, akija mbio, akimkumbatia shingoni. Akafika kwenye busu, sentensi moja kabla ya kilio cha wote wawili. Hapo akasimama. Akainua kidole.

"Hapa pana jambo," alisema.

Na akaeleza. Alieleza kwamba katika nakala za kale za Kiebrania waandishi waliweka nukta juu ya neno hilo, kila herufi na nukta yake, na kwamba wanakili waliofuata, karne baada ya karne, walizinakili nukta hizo kwa uaminifu, wala hakuna aliyeacha maelezo. Alipenda sana jambo hilo, ndiyo bahati mbaya yake. Uso wake uling'aa kama wa mtoto mwenye kitu mfukoni. "Wapo wafasiri wanaosema nukta ni alama ya shaka. Kwamba huyu kaka alibusu, lakini moyo haukuwamo. Mimi mwenyewe nimeandika kurasa kumi na nane kuunga mkono hoja hiyo."

Kaka alirudi kulipapasa pindo la shuka. "Kwa hiyo alikuwa mnafiki."

"Si mnafiki hasa. Tuseme tu maandishi yanaacha nafasi ya…"

Nesi akaja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Tanbihi akafunga kitabu, akasimama. "Kuna maoni ya pili," alisema haraka, "yanayosema kinyume kabisa. Alhamisi nitakueleza."

Fundi aliinua mkono, ukafika nusu, ukarudi juu ya shuka. "Alhamisi," alisema.

Akafa Jumatano, baada ya chakula cha mchana.

Kuanzia hapo Mwalimu Tanbihi alikuwa mtu wa ganzi. Mazishini alishika koleo akatupa udongo kama wengine, akashukuru watu kwa majina, akakumbuka kuuliza kama viti vya kuazima vimehesabiwa. Asubuhi iliyofuata alifungua ile bahasha, akaenda ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, akaifuta sentensi kwa kalamu nyekundu, na mahali pake akaandika kwamba mzaliwa wa kwanza mmoja aliitoa nafasi yake shuleni ili mdogo wake asome. Haikuchukua hata dakika moja. Alitazama saa. Miaka kumi na moja alikuwa akiingojea dakika hiyo, na ilipopita hakusikia chochote, wala nafuu wala uchungu. Akafunga kalamu.

"Lia basi, baba," mkewe akamwambia jioni, akimpokonya sahani aliyokuwa akiisuuza kwa mara ya tatu. "Ukikaa hivi unanitisha."

"Nataka kulia. Sioni pa kuanzia."

"Mtu halii kwa mpangilio wa sura na aya."

Alijua. Lakini ndani mlikuwa kimya, kama chumba kilichohamwa. Chai aliinywa ikiwa ya moto mno, akagundua baadaye kwa ulimi kuvimba. Alisikia watu wakimpa pole akawajibu kabla hawajamaliza. Jambo moja tu lilikuwa hai, nalo halikuwa hata huzuni, lilikuwa swali, na lilimzunguka darasani, bafuni, kitandani: je, kaka amekufa akidhani amekataliwa? Mtu alikuwa amemnyooshea mikono kwa njia pekee aliyoweza, akiwa na mpira puani, na yeye akamjibu kwamba wasomi wana mashaka na mikono hiyo. Kisha akaondoka na maoni ya pili mfukoni. Aliligeuza swali hilo kila upande, kama alivyogeuza kadi zake, na halikuwa na pa kutafutwa jibu, kwa sababu aliyekuwa nalo walikwisha mfukia.

Siku ya tisa baada ya kifo shemeji akapiga. "Njoo karakana Jumamosi. Kuna kitu chako."

Alikwenda. Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani hakuna kilichoguswa: cherehani nyeusi karibu na mwanga, meza ya kukatia, vigae vya chaki ndani ya kopo, mitindo ya kukatia nguo, ya karatasi za kaki, imetungikwa misumarini kila mmoja na jina la mtu. Kioo kirefu kilikuwa na ufa pembeni. Palinuka pasi na vumbi la nguo, harufu ile ile ya baba yao, na Tanbihi aliisikia kwa pua tu, haikuingia zaidi. Shemeji alikuwa amesimama mezani. Ni mwanamke wa maneno machache. Katika karakana ile kazi yake ilikuwa vifungo na pindo za mkono, na kunyamazisha wateja wenye haraka.

Alifungua furushi. Kitambaa cha kijivu kizito, kimekatwa: mgongo, vifua viwili, mikono miwili, kola. Vipande vya koti, havijashonwa hata kimoja.

"Lako," alisema.

"Shemeji, mimi sikuagiza koti."

"Hukuagiza."

"Amenipima lini?"

"Harusi ya mpwa wenu, mwaka jana. Ulikaa mbele yetu, safu ya tatu. Kutwa nzima anakutazama mgongo. Nikasema huyu bado ana kinyongo, leo tutaaibika. Tumefika nyumbani, hajavua hata viatu, anaandika namba kwenye boksi la viberiti. Ananiambia bega la kushoto limeshuka, ni ile mikoba ya vitabu." Alinyoosha kipande cha mgongo kwa kiganja. "Na hapa pembeni ameacha akiba ya kitambaa. Akasema walimu wakistaafu hunenepa."

Tanbihi alilitazama koti lisilo koti. Swali lake lilipanda lenyewe. "Alikasirika? Kwa kile kitabu."

"Alikasirika sana, sitakudanganya. Miaka miwili jina lako halikutajwa humu ndani. Halafu hasira ikaisha, akabaki anakungoja."

"Nami nilikuwa nangoja toleo la pili."

Shemeji alimtazama kama anavyotazamwa mteja aliyevaa suruali kichwani. Akarudi kukilainisha kitambaa. Ilikuwa rehema.

"Na Jumatatu ile," Tanbihi akaendelea, kwa sauti yake ya kawaida, ya darasani, "nilimweleza habari za nukta. Nilimwambia kwamba yule kaka…"

"Mume wangu ananificha nini? Ulipotoka tu akaniambia yote. Alicheka, shemeji. Alicheka mpaka nesi akaja mbio kumwekea mpira sawa. Anasema, 'Mdogo wangu amesoma mpaka amepitiliza. Karne zote hizo wanabishana juu ya nukta, na hakuna hata mmoja aliyepita kumuuliza fundi!'"

Akavuta kipande cha mgongo, akaweka kidole begani. Pale palikuwa na nukta ya chaki, nyeupe, ndogo. Akavuta mkono wa koti, akaonyesha nyingine juu yake. Tanbihi akaona kwamba zilikuwa kila mahali, kwenye kila kipande, mbili mbili.

"Akasema fundi haweki nukta penye shaka. Penye shaka unapima tena. Nukta unaweka pale ambapo vipande viwili ni lazima vikutane, ili anayeshona asipotee, hata kama si wewe utakayeshona. Akasema huyo mwandishi wa zamani alikuwa anawaambia wenzake, hapa ndipo penyewe, msipapite mbio." Alipangusa vumbi la chaki vidoleni. "Akasema, 'Alhamisi akija nitamfundisha.' Alikungoja kwa furaha, shemeji. Nilikuwapo."

Mwalimu Tanbihi alikuwa mtoto wa fundi. Alikulia chini ya meza hii hii, akiokota vigae vya chaki, akimshikia baba vitambaa vyenye nukta kama hizi kabla hajajua kusoma. Droo nzima ya kadi, kurasa kumi na nane, na hakukumbuka. Sasa alikumbuka hata kidole cha baba kikizipapasa, wakati macho yalipokuwa hayazioni tena.

"Vua hilo koti lako," shemeji akasema. "Mimi kushona koti sijui, lakini kupiga bandi, kuvishikiza vipande kwa muda, najua. Atamalizia fundi wa jirani. Simama mbele ya kioo."

Akasimama. Shemeji akajaza pini mdomoni, akamvika mgongo, akamvika kifua kimoja, cha pili, akavibana kwa pini. Akachukua mkono wa kushoto, akaupandisha, akautafutia mahali mpaka nukta ikakaa juu ya nukta. Bega lilikuwa limekatwa chini kidogo kuliko jingine. Lilimkaa kama lilivyo, na mbele ya kioo mzee aliyepinda upande mmoja akaonekana amenyooka. Kiganja cha shemeji kilibaki begani hapo akitafuta pini, na uzito huo mdogo aliusikia. Ulikuwa wa kwanza kuusikia kwa siku nyingi.

"Nisamehe, kaka," alisema.

Aliyasema kwenye kioo, kwa cherehani iliyokuwa nyuma yake, kwa kiti kitupu chenye mto uliobonyea katikati. Maneno mawili, yamechelewa miaka kumi na moja tangu kitabu na siku kumi na mbili tangu Jumatatu ile, na safari hii hayakufuatwa na maelezo yoyote.

Shemeji alizitoa pini mdomoni.

"Tulia, shemeji," alisema taratibu. "Ukitikisika hivyo nitakuchoma."